Lokole ya Leta

Benchi la kahawa pale kivukoni Kisangani lilikuwa mlango wa duka la Mgiriki kabla ya uasi kuung'oa. Siku hizi unabeba makalio ya wasiojua kunyamaza. Ng'ambo ya mto ni Lubunga. Huko wakimbizi waliotoka msituni wamejibana mabandani, surua inawamaliza watoto, na risasi hazijakoma. Jana Leta, serikali yetu tukufu, ilikumbuka kwamba wale nao ni watu, ikavusha munganga, yaani daktari, na sanduku la sindano. Lokole, ngoma ya gogo inayosema maneno, ikalia alfajiri kuwaita. Hakuja hata mmoja. Mabanda yalikutwa matupu, moto ukiwaka jikoni, wenyewe wamekimbilia msituni. Munganga atarudi kesho, basi, asipowapata anakwenda kwingine. Mwisho wa benchi alikaa Yakubu, fundi cherehani. Binti yake Aziza yuko huko na mtoto ambaye surua imemwingia kifuani.

— Batu ya Lubunga banaogopa sindano, alianza Arthur, aitwaye Avocat, wakili, kwa kuwa aliwahi kufagia mahakamani. Haraka haraka haina baraka. Donc bapewe vidonge.

— Sindano iko ya kupima damu, akasema Hemedi, yaani Radio. Mwenye alikunywa dawa ya waasi, ile ya kugeuza risasi maji, damu yake inachemka ndani ya chupa. Pale pale basoda ba jeshi banamukamata.

— Mujukuu wangu ana miaka miwili, Yakubu akasema. Alikunywa wapi?

— Alinyonya kwa ziwa la mama yake, Radio akajibu.

Yakubu alitamani kumrushia kikombe.

— Dawa ya moto ni moto, Avocat akaendelea. Basoda bazunguke msitu, balete bagonjwa na bunduki mugongoni.

— Na wakikimbia? Yakubu akauliza.

— Bon, mwenye anaweza kukimbia si mugonjwa.

Katikati yao Désiré, mpiga lokole wa Leta, alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari. Jana alivuka pamoja na munganga.

— Na wewe, uliita vizuri? Yakubu akamuuliza.

— Niliita. Nilisema kuyeni wote, pamoja na watoto, pale uwanjani.

Hapo mwanamke akashuka kutoka kwenye pirogi, mtumbwi wa kuvukia, matope magotini, akimuulizia Papa Yakubu. Jina lake Pélagie, jirani wa Aziza. Yakubu alisimama haraka hata akamwaga kahawa.

— Mutoto anapumua kwa shida, papa. Tunalala chini ya miti.

— Sasa mulimukimbia munganga kwa nini?

— Munganga gani? Hatukumuona. Tulisikia lokole.

— Ilikuwa inaita kwa dawa!

— Mwaka wa waasi iliita kwa mukutano. Wote, pamoja na watoto, pale uwanjani. Tulienda, papa. Unajua nani alirudi. Na jana iko mukono ule ule. Kila mupigaji ana mukono wake, unaujua kama sauti ya ndugu yako. Hata vipofu walikimbia.

Kila mtu benchini alijitahidi kutomtazama Désiré. Pélagie hakuwahi kumwona. Mkono wake tu ndio alioujua.

— Siku ile walinishikia bunduki, Désiré akasema, macho ndani ya kikombe.

Pélagie akamgeukia.

— Bunduki hatukuisikia, alisema. Tulisikia lokole.

Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayeulizia njia:

— Bon. Kesho apige mutu mwingine. Nani mwingine anajua kupiga?

Radio hakuwa na habari. Wapigaji walikuwa watatu, na wawili waliingia uwanja ule siku ile, wakaitika mwito wa mwenzao, hawakurudi.

Yakubu akavua viatu, akakunja suruali.

— Nivushe, akamwambia Pélagie. Nitaingia msituni, nitaita kwa mudomo. Aziza anajua sauti yangu.

— Na batoto wa wengine? Pélagie akauliza.

Yakubu alikuwa ameshaweka mguu ndani ya pirogi. Aligeuka kulitazama benchi. Désiré alikuwa amekalia mikono yake.