Sumaku Kwenye Unga

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi. Miguu yake mitatu ni ya mbao, wa nne ni tofali. Asubuhi ile tulikuwa watatu na birika la kahawa: Kinyozi mwenyewe, Kifua anayenyanyua vyuma mpaka mashati yanambana, na mimi. Akapita Spoku, fundi baiskeli, mfuko wa unga kwapani. Mkewe ni mjamzito, damu imepungua, na muuguzi amemwambia ale unga ulioongezwa virutubishi. Spoku alitumwa aende na kurudi moja kwa moja. Bahati mbaya, njia ya moja kwa moja inapita hapa.

— Hebu tusomee, umetiwa nini? akauliza Kinyozi.

— Vitamini, zinki, na madini ya chuma.

Kifua akaweka kikombe chini.

— Chuma kinanyanyuliwa, ndugu yangu, hakiliwi! Sisi vijana damu inachemka. Vya kuongezewa ni vya wagonjwa.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akasema Kinyozi. Unga nao ukisifiwa, wanautia misumari.

— Methali haisemi hivyo, nikamwambia.

— Hiyo ya zamani, kabla ya viwanda.

— Na haba na haba hujaza kibaba, Kifua akadakia. Leo punje, kesho punje. Mtoto atazaliwa analia kama geti.

— Usinitishe bwana, akasema Spoku.

— Na akinyeshewa? Kutu!

Spoku akatokwa jasho. Kisha akakumbuka sumaku anayookotea gololi za baiskeli zinapodondoka mchangani. Akatandika gazeti benchini, akamwaga unga wote, akaanza kupitisha sumaku polepole kama anayepiga pasi. Tukainama kutazama. Haikunasa kitu.

— Mmeona? akanong'ona Kinyozi. Wamekificha!

— Kumbe uko huku?

Tukageuka. Mke wa Spoku alikuwa amesimama nyuma yetu, mkono kiunoni.

— Maji yamechemka mpaka yamekauka. Mnautoa nini unga wangu?

— Chuma, shemeji, akajibu Kifua kwa upole. Tunakulinda.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Muuguzi amesema damu yangu inataka hichohicho chuma. Mkishakitoa, mimi nile nini? Sumaku?

Kinyozi akainamisha birika juu ya kikombe chake. Halikutoa hata tone. Spoku akapiga magoti, akaanza kurudisha unga mfukoni kwa viganja. Kifua akainuka, akajikung'uta.

— Ngoja nikakuletee mfuko mwingine, shemeji.

— Wenye chuma?

— Wenye chuma, akajibu, kwa sauti ndogo ambayo hatujawahi kuisikia ikitoka kwenye kifua kile.