Nani Alikusomea Hukumu?

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu aliye hai. Wengi mnanijua kama yule dada wa benchi la nyuma anayetoka kabla watu hawajaanza kusalimiana. Leo nimeomba mwenyewe kusimama, na nadhani mchungaji ameshangaa kuliko nyie.

Mama yangu alifia kwetu Katumba, mimi nikiwa nimemaliza kidato cha nne. Aliugua muda mrefu. Mimi ndiye niliyemwogesha na kumgeuza kitandani, na hapo ndipo nilipotamani uuguzi. Baada ya mazishi, matanga yakiendelea, jirani mmoja akaleta nyama kwenye ndoo, akasema ni rambirambi yake. Tukashukuru. Nani huuliza nyama ya msibani imetoka wapi? Nilikuwa nimeshika mwiko askari wa wanyamapori walipoingia uani. Ilikuwa nyama ya nyati aliyewindwa bila kibali. Jirani alikuwa ameshatoweka, wakatuchukua sisi wapishi, mimi na shangazi yangu. Sufuria ilibaki motoni. Matanga ya mama yangu yaliisha bila mimi.

Tulilala mahabusu hapa Mpanda, tukapelekwa mahakamani, tukarudishwa tena mahabusu. Baadaye yule jirani alijisalimisha, akasema nyama ni yake na sisi hatukujua lolote. Mwendesha mashtaka akaomba kesi ifutwe, hakimu akaifuta, tukarudi nyumbani. Lakini kila nilipopita sokoni nilisikia, "Ndiye yule aliyefungwa kwa nyama ya matanga." Mwingine ananiita, "Dada, leo mmepika nini?" Wanacheka. Nikajifunza kunyamaza na kukaa nyuma.

Ndugu zangu, Mungu alinipitisha chuo cha uuguzi kwa jasho la baba na mahindi yake. Nikafaulu mtihani. Ikabaki kuomba leseni, na kwenye maombi kulikuwa na swali kuhusu makosa ya jinai. Kaka yangu Yohana akanivuta pembeni.

"Andika hapana."

"Siwezi, Yohana."

"Dada, kesi ilishakufa. Wa kufufuliwa alikuwa Lazaro, siyo kesi."

Nilicheka, kisha nikaandika ukweli kama nilivyoujua mimi: Ndiyo, niliwahi kufungwa Mpanda kwa nyama ya nyati.

Jibu lililorudi lilisema maombi yangu yamesimama mpaka nilete nakala ya hukumu na uthibitisho kwamba nilimaliza kifungo. Kifungo kipi? Niliosoma nao walivaa sare nyeupe, mimi nikarudi kupalilia. Sitawaficha, niliomba kwa uchungu. Nilimwambia Bwana, "Nimesema kweli, na kweli yenyewe ndiyo imenifungia mlango." Nilijiona nimempoteza mama mara ya pili.

Mwisho nikaenda mahakamani kuomba hiyo hukumu yangu. Karani, mama mmoja wa makamo, alipekua jalada, akanitazama.

"Binti, kifungo chako ulitumikia gereza gani?"

"Gerezani sikufika, mama. Nilifungwa polisi."

"Kwenu wapi?"

"Katumba. Sisi ni Warundi."

Akavua miwani, akatabasamu. "Ndiyo maana. Nyie mtu akishikwa asubuhi akaachiwa mchana, mnasema kafungwa. Wewe ulikamatwa, ukawekwa mahabusu, kesi ikafutwa. Kufungwa ni baada ya hukumu. Nani alikusomea hukumu?"

"Hakuna."

"Basi umejisomea mwenyewe, mwanangu."

Ndugu zangu, nilimwomba arudie maneno hayo. Ni kweli, kwa Kirundi chetu kushikwa na polisi ni *gufungwa*, na kutumikia kifungo ni *gufungwa* vilevile. Neno ni moja. Nililibeba neno hilo kutoka nyumbani, nikalipeleka kwenye Kiswahili cha serikali, nikajitia hatiani kwa mkono wangu. Na nilikuwa nasema kweli!

Akanipa nakala ya amri ya kufuta kesi, yenye muhuri. Nikaenda polisi kuchukuliwa alama za vidole, na cheti cha tabia njema kikatoka safi. Nikaandika upya, nikaeleza yote toka mwiko hadi mahakama. Safari hii baba mmoja wa ofisi ya leseni akanipigia simu. "Tulikuwa tunauliza kama ulitiwa hatiani," yule baba akasema. "Hukutiwa. Kukamatwa tu hakukunyimi leseni. Ila umefanya vizuri kutueleza." Haleluya! Leseni ninayo. Nafanya kazi kwenye zahanati kule Kabungu, na kila nikimgeuza mgonjwa kitandani namkumbuka mama yangu bila aibu.

Labda hapa ndani kuna mtu ambaye mtaa umemwita jina, naye akalikubali akaenda kukaa nyuma. Ndugu yangu, usidanganye ili utoke. Sema kweli, na ukikwama mtegemee Mungu akufundishe kuisema sawasawa. Kisha jiulize: ni nani alikusomea hukumu? Kama si Bwana, njoo mbele.

Namalizia. Leo baada ya ibada nyote karibuni nyumbani kwa baba. Namaliza matanga ya mama yangu, na mwiko nashika mimi. Nyama ni ya mbuzi. Nilimwona mwenyewe akichinjwa.