Gereji Iliyogeuzwa Chumba cha Mama

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliokuja kutushika mkono, nasimama hapa kwa niaba ya familia, mimi binti yake wa kwanza, kuwaeleza kwa ufupi maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Taratibu kwa jinsi alivyoendesha gari.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa tatu wa mshona viatu, akamaliza shule ya msingi mwaka 1960, kisha akaingia karakana ya mabasi kujifunza kushona viti, kazi iliyomlea na kutulea sisi hadi alipostaafu mwaka 2001.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na mama yetu, mpishi wa hospitali, wakajaliwa watoto wanne, na mwaka 1979 akaleta nyumbani gari la mwaka 1956, likivutwa kwa kamba, kuku wakiwa wametaga kwenye kiti cha nyuma, mama akalizunguka, kisha akasema, "Baba watoto, ungeniambia tu kwamba unaoa mke wa pili."

Mke mwenza huyo alianza kwa kulala chini ya turubai, akapandishwa hadhi hadi banda la mabati, na baba alipostaafu akajengewa gereji ya matofali, yenye dirisha, sakafu laini na mlango mpana, ambamo wapenzi wa magari ya kale walikutana kila Jumamosi, wakibishana juu ya kabureta kana kwamba wanagawana mirathi.

Septemba 2016 mama alipooza upande wa kushoto, na alipotoka hospitali ngazi za nyumba yetu zikamshinda, basi sisi tukiwa bado tunashauriana nani amchukue, baba alilisukuma gari nje kwenye mvua, akapiga magoti kusugua madoa ya oili, na kaka yangu alipomsihi asitupe jasho la miaka yote ile, alijibu bila kuinua kichwa, "Lile ni bati, litavumilia. Mama yenu anataka mahali pa kulala."

Alipaka kuta rangi, akamshonea mama kiti cha kuegemea kwa ngozi aliyoinunua kwa ajili ya gari, na kwa miaka minane alimwogesha, akamsuka vibaya mpaka akajua kusuka, na kila jioni aliufungua ule mlango mpana ili mama asalimiane na wapita njia.

Mwaka jana moyo wa baba ulianza kuchoka, akalazwa mara mbili, akafariki usingizini alfajiri ya tarehe 2 Februari 2025, na mama, ambaye maneno humtoka kwa shida, ndiye aliyetuita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa karakana, na ninyi wa magari ya kale, mliolihifadhi gari lake kwa zamu bila kuombwa.

Mama ameniagiza nimfikishie baba haya: "Sikuwahi kuona aibu mbele yako. Asante."

Pumzika sasa, baba, mama tutamtunza.