Kamera Iliyovaa Nailoni

Kwenye bajaji ya kutoka Sofu kwenda Tumbi, mama mmoja alikaa kati yangu na kijana mwenye begi la fundi umeme. Kijana alipomwamkia tu, mama akaanza kumweleza shida yake. Kamera ya uani mchana inaona vizuri, usiku inaonyesha ukungu mweupe, na bata wake wanaibiwa. Amebaki mmoja.

"Ile nailoni ya kwenye kioo chake uliibandua, mama?"

"Niibandue iingie vumbi? Mwanangu Atupele kanitumia kitu kipya!"

Kijana akacheka. "Usiku inawasha taa yake yenyewe. Mwanga unagonga nailoni unairudia, haioni kitu. Bila shaka hata rimoti yako imevaa nailoni."

"Na makochi," mama akajibu bila aibu. Mimi nikaificha simu yangu, maana nayo sijaibandua nailoni.

"Ibandue leo, mama."

"Atupele anakuja Krismasi. Nataka aikute mpya."

Bajaji ikasimama karibu na geti la hospitali. Kijana akashuka kumpisha mama, akamshika mkono. "Ataikuta mpya, mama yangu. Bata ndiye hatamkuta."