Majina Sitini na Moja ya Uwanja wa Tangini

Elsie, andika kwanza waliopo, mmoja mmoja, kwa majina kamili, kisha uandike wamekuja kufanya nini, maana hilo la pili ndilo nililowahi kuliacha wazi na ndilo linaloninyima usingizi.

Yupo Elsie Nangila Wesonga, mtoto wangu wa kwanza, mwalimu, ndiye anayeandika. Yupo Sydney Mulongo Wesonga, wa pili, wakala wa nyumba za kupanga kule Pipeline. Yupo mkewe, Wacuka Ndung'u, ambaye amenishikia kikombe cha uji tangu asubuhi bila kuchoka. Yupo Triza Nekesa Wesonga, kitinda mimba, kocha wa timu ya wasichana ya uwanja wa Tangini. Na kwenye kiti cha karibu na mlango yupo Harrison Luseno Shivachi, fundi wa mabasi mstaafu, jirani yangu wa nyumba ya pili kwa miaka arobaini na minane, ambaye hajakanyaga humu ndani kwa miaka sita. Wamekuja kusikiliza wosia wa Zakayo Wesonga Mulongo, mwenye umri wa miaka themanini na sita. Hawajakuja kukubali jambo lolote. Liandike hivyo hivyo.

Luseno, usicheke. Nimekusikia ukimwambia Wacuka kwamba nikifika mbinguni nitamwomba malaika rula nimnyooshee daftari lake. Huenda.

Nianze na mali, kwa kuwa ni kidogo. Shamba la Kimilili, ekari moja na nusu, ligawanywe mafungu matatu yaliyo sawa, na mtu akiuliza kwa nini wasichana wanapewa, mwambieni aje aniulize mwenyewe pale nitakapokuwa nimelala, kando ya mama yenu Millicent. Nyumba hii si yangu, mimi ni mpangaji wa jiji tu, lakini kitabu chake cha kodi kiko safi na Elsie atabaki nayo. Saa ya ukutani mpeni Wacuka, kwa sababu ndiye pekee kati yenu anayefika mahali kwa wakati.

Sasa uwanja. Nisikilizeni vizuri hapa, na wewe Sydney uweke simu hiyo chini.

Tulipohamia mtaa huu, mahali pale palikuwa jaa la mawe yaliyoachwa na waliochimba tangi la maji. Luseno ndiye aliyesema kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tujipange mstari mmoja, bega kwa bega, kutoka ukingo hadi ukingo, tutembee polepole kutoka goli hadi goli tukiokota mawe, na kila nyumba ilikuwa na nafasi yake katika mstari. Mama yenu aliokota akiwa na Triza tumboni, mwezi wa nane, na nilipomkataza alinijibu, "Baba Elsie, wewe andika. Kuinama niachie mimi." Nami niliandika. Nilikuwa katibu wa uwanja tangu siku hiyo: nani amekuja, nani ametuma mtoto, nani anaumwa. Mnaendelea kuokota mpaka leo, na mawe hayaishi, kila mvua inaleta mengine. Hapo ndipo watu wa mtaa huu, wa kutoka magharibi na wa kutoka kati, walipojuana majina.

Ile kampuni ya majumba ilipokuja mwaka wa 2019 ikiutaka uwanja, ilituita ukumbini. Watu walikuja kukataa. Luseno alisimama akasema kwamba atakayeleta tingatinga atalipitisha juu ya tumbo lake, na watu wakamwambia basi litakwama, kwa jinsi tumbo lilivyo. Mkutano ulipokwisha, kijana wa kampuni alipitisha karatasi ya mahudhurio. Ilikuwa aibu tupu: mistari imepinda, watu wanaandika jina moja, wengine "Mama Shiro", wengine "Jonte". Mimi nilifundishwa na wamisheni waliotuchapa kwa herufi iliyotoka nje ya mstari, sikuweza kuvumilia. Nikachukua karatasi mpya, nikachora safu kwa rula, nikaandika kila mtu kwa majina matatu, nambari ya nyumba na nambari ya kitambulisho, wao wakatia sahihi tu. Watu sitini na mmoja. Nilipotaka kuandika kichwa juu yake, kijana yule akaniambia, "Mzee, hiyo iachie tu, tutaichapa ofisini ikae vizuri." Nikaona amefanya adabu. Nikaiacha wazi.

Walichapa hivi: Sisi wakazi tumekubali uwanja ujengwe nyumba.

Luseno alipoipata nakala, alikuja hapa mlangoni ameishika kama mtu aliyeshika nyoka. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Karani, huu ni mwandiko wako?" Nami nikamwambia, "Si wangu."

Elsie, endelea kuandika. Usinitazame mimi, tazama karatasi.

Ulikuwa mwandiko wangu. Niliona haya kwamba mimi, katibu wa miaka arobaini na zaidi, ndiye niliyewapa orodha safi kuliko zote walizowahi kupewa. Luseno alijua nimedanganya, ndiyo maana akaacha kunisalimu. Ninyi mliniamini. Kesi ya uwanja ilipofika kortini, wakili wetu akasema kwamba orodha ni ya kughushi, na Triza akala kiapo kwamba huo si mwandiko wa baba yake. Sasa kampuni imepata barua zangu za zamani na itazionyesha Jumatatu, na zikionyeshwa tutakuwa sisi ndio waongo, na uwanja umekwenda.

Ndiyo, Triza, nakusikia. "Baba, si mimi niliapa?" Uliapa, mwanangu, kwa sababu nilikuambia. Kosa hilo ni langu lote. Sijawahi kuwaomba msamaha watoto wangu, na sikufundishwa namna yake. Naomba.

Na wewe, Sydney. Najua wale wa kampuni wamekuahidi nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya kwanza, yenye dirisha. Uliniambia, "Baba, watu wanahitaji nyumba," na hukusema uongo. Nimefika kwako Pipeline, nimeona taa inavyowashwa saa sita mchana, na mjukuu wangu Shiku anavyojifunza chenga kwenye ngazi, mpira ukimponyoka unashuka ghorofa sita. Sikulaumu kwa kutaka dirisha. Nakuuliza tu litatazama nini wakishamaliza kujenga. Usinijibu leo. Mpe Wacuka jibu, yeye ndiye atakayeniletea.

Chini ya godoro hili, upande wa ukutani, kuna daftari la bluu. Lina kumbukumbu za mkutano ule, nilizoziandika siku ile ile: kila aliyesema, kwa jina, na alichosema. Hakuna aliyekubali hata mmoja. Nililificha kwa sababu mwandiko wa daftari na mwandiko wa orodha ni mmoja. Litoeni. Triza, litakuwa lako, lakini Jumatatu alibebe Luseno. Alikuwepo, ana sauti, na miguu yake bado inapanda ngazi za korti. Asome na haya niliyosema: mwandiko ni wangu, sahihi ni za kweli, kichwa si chetu. Wakitaka kunifunga, waje haraka.

Haya, cheka, Luseno. Umekubali? Amesema, "Nitakwenda, Karani, lakini nitasoma kwa miwani yako, yangu nimeikalia." Andika kwamba amekubali. Hilo ni la kweli.

Ngoja nipumue.

Wacuka... kidogo tu. Asante, mama.

Nizikeni bila hotuba nyingi. Jina langu kwenye msalaba liandikwe lote. Msigombane juu ya shamba. Elsie, nishikie kiwiko, nitie sahihi. Imepinda. Iache ilivyo.

Mungu awaangalie mnapotoka na mnaporudi. Elsie, akupe pumziko. Sydney, akupe nyumba yenye mwanga, mahali pengine. Wacuka, watoto wako wakutunze kama ulivyonitunza. Triza... Triza, shinda. Harrison, kesho uje tena. Mlango... usifungwe.

*

Nimeandika mimi, Elsie Nangila Wesonga, siku ya Jumatano, kuanzia saa nne asubuhi hadi karibu saa sita. Sote watano tulitia sahihi chini ya ile ya Baba. Naongeza haya leo Jumamosi. Daftari tumelipata. Baba ameagiza tutafute gari na watu wawili wa kumbeba, atakwenda kortini mwenyewe Jumatatu. Daktari amekataa, naye hasikii. Mzee Harrison Luseno Shivachi alifariki jana asubuhi.