Mzee Ritifaa Anaiaga Meza ya Masahihisho

Tarehe 30 mwezi huu, msahihishaji wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda hiki cha uchapaji. Jina la kwenye kitambulisho tulishalisahau. Kwetu sote ni Mzee Ritifaa.

Aliajiriwa kufunga vitabu, lakini hakuweza kufunga ukurasa bila kuusoma. Msimamizi alichoka kumgombeza, akamhamishia kwenye masahihisho.

Kazi za Kiingereza ndizo zilizompa jina. Ile alama ndogo inayoning'inia karibu na s kuonyesha kitu ni cha nani, sisi tulikuwa tunainyunyiza kama chumvi. Alitufundisha tuandike kwanza mwenye mali, awe mmoja au wengi, mpaka neno liishe. Hapo linapoishia ndipo ritifaa inapokaa. Kama halikuishia na s ya wingi, ongeza s. Bango la shule ya wasichana lilipoletwa na alama kabla ya s, alimpigia simu mwalimu mkuu kumuuliza shule nzima kapewa msichana gani. Mwenye mgahawa aliyebandika ritifaa kwenye kila wingi aliulizwa, kwa heshima zote, viazi vyake vinamiliki nini. Wote wawili ni wateja wetu mpaka leo.

Mwaka huu macho yalianza kumgomea. Tuliona anavyousogeza ukurasa dirishani, na hakuna aliyethubutu kusema. Basi tukapanga kimyakimya: fundi mitambo, dada wa kompyuta na mimi tukawa tunazisahihisha kurasa kabla hazijafika mezani kwake, ili asipitwe na kosa akaaibika.

Haikuchukua muda akatoka na rundo la kurasa, akatuuliza nani anazisoma kabla yake, maana tangu atufahamu hatujawahi kuwa wasafi kiasi hicho. Dada wa kompyuta aliangua kilio. Mzee alicheka mpaka akafuta miwani, kisha akasema kiti ambacho kazi yake inafanywa na wengine si chake tena. Barua ya kustaafu aliiandika siku hiyohiyo. Tulimsihi, akakataa, na ilituuma sana.

Mzee wetu, asante kwa subira na kwa utani wako. Tunakuombea siku njema, nyumba yenye vicheko na mama watoto asiyechoka kusahihishwa. Ukurasa huu haukupita mezani kwako, wajukuu watakusomea. Wakikuta kosa, ni letu.