Kiatu Nilichomrushia Sahibu Yangu

Assalaam alaykum, jamaa zangu. Ahsanteni kwa kunipa zamu kwenye baraza yetu. Alkhamisi iliyopita mwenzetu alitueleza alivopambana na sukari, na wa kabla yake alitwambia alivoacha sigara. Mie sina sukari wala sivuti. Maradhi yangu mie yalikuwa mpira. Mnacheka. Chekeni tu, lakini yalinifikisha pahala pa kumvunjia mtu heshima mbele ya uwanja mzima, na mtu mwenyewe nimekula naye sahani moja tangu hatujaota ndevu.

Majina siyataji. Klabu pia siitaji. Wanaoijua wanaijua, na wanyamaze.

Kwanza nikwambieni ilivokuwa zamani, maana bila ya hapo hamtaelewa hasira zilitoka wapi. Tulipokuja hapa Maskati kutoka Unguja, mie na huyo sahibu yangu tulikuwa vijana, Kiarabu chetu cha kuombea maji tu. Tukapata kazi Ruwi, na jioni tukicheza mpira kwenye kiwanja cha changarawe ambapo leo pamejaa mabenki. Kabla ya mechi timu zote mbili zikipanga mstari mmoja, tunatembea tumeinama, tunaokota mawe. Jezi alitushonea mama yake sahibu yangu kwa kitambaa cha manjano alichokinunua sokoni Matrah. Kikifuliwa kinachuja. Kufika mwisho wa msimu tulikuwa weupe, watu wanatuuliza tumebadilisha rangi lini. Mie beki wa kulia, yeye kiungo, mbele yangu hapa.

Na uwanjani tukiitana kwa Kiswahili. "Mwachie!" "Nyuma yako!" "Huyo hana mguu wa kushoto!" Wapinzani hawaelewi kitu. Wallahi, mechi nyengine tulishinda kwa lugha tu. Mpaka siku moja tulicheza na timu ya upande wa Sib, nkapiga kelele, "Pita kwa yule mfupi, kashachoka!" Yule mfupi akageuka, akanambia kwa lafudhi ya Pemba, "Nani alokwambia nimechoka?" Sahibu yangu alikaa chini katikati ya kiwanja kwa kucheka, na goli tukafungwa pale pale. Hakuna alokasirika. Wake zetu walikuwa wameleta mkate wa kumimina na chai ya maziwa, tukala na hao walotufunga.

Ndio mpira nilioujua mie.

Miaka ikaenda. Klabu ikakua, ikapata uwanja wa majani, ikaingia ligi kuu, wachezaji wakawa wa mkataba, wengine wanatoka nchi za mbali. Sahibu yangu hakuiacha. Alipomaliza kucheza akawa msaidizi, mwisho akawa meneja. Mie nkaenda wizarani, nkakaa miaka na miaka, kila asubuhi barabara ya pwani mpaka Maskati, kila mchana narudi. Halafu nkastaafu.

Na hapo, ndugu zangu, wengi wenu mnapajua. Nilikuwa naamka, navaa kanzu, natia kofia, nashika ufunguo wa gari, halafu nakumbuka sina pa kwenda. Narudi nakaa sebuleni na kofia yangu kichwani. Wizarani watu walikuwa wakiniuliza, "Ustadh, unaonaje hili?" Nyumbani hapana anayeniuliza naonaje. Nkabaki na timu. Na timu nayo, kama iliyoningoja nistaafu, ikaanza kufungwa.

Kulikuwa na gurupu la mashabiki kwenye simu. Nkaanza kutuma sauti. Mara ya kwanza dakika moja, kwa adabu. Watu wakanisifu: mzee anajua mpira, huyu alicheza. Nkanogewa. Dakika moja ikawa tano, tano zikawa kumi. Kila baada ya mechi watu wananingoja mie. Nikasema winga wa kushoto anakimbilia mbele kama anayefukuzwa, kurudi hajui. Nikasema mshambuliaji tuliyemleta kutoka nje amekuja Maskati kupumzisha magoti. Nikasema uongozi unabadilisha makocha kama mtu anayebadilisha chaneli za televisheni, kila mmoja anakuja na mfumo wake, wachezaji hawajaujua huu wameshapewa mwengine. Na golkipa wetu nkampa jina. Nikasema huyu ni Mlango wa Moli. Ile milango ya vioo ya maduka makubwa, mnaijua. Ukiisogelea tu, inafunguka yenyewe.

Naona mnacheka tena. Uwanja mzima ulicheka. Jina lile lilienea kuliko nilivotaka, likageuzwa Kiarabu, likaimbwa. Mpira ukimfikia yule kijana mikononi, jukwaa zima linaimba mlango, mlango. Na mie nimekaa pale nimevimba kichwa. Jina langu hilo. Mie nimelitunga.

Mke wangu siku moja alikuwa anakuna nazi, akanisikia narekodi. Akanambia, "Maneno hayo, ungeweza kumwambia akiwa amekaa hapo mbele yako?" Nkamwambia, "Weye mpira huujui." Akasema, "Mpira siujui. Wewe nakujua." Akaendelea na nazi yake.

Baada ya golkipa nkamgeukia sahibu yangu. Nikasema meneja amezeeka, hasikii, anawaogopa wenye klabu, ameiua timu kwa mikono yake. Naye alikuwemo kwenye gurupu lile lile. Anasikiliza, hajibu. Hata mara moja hakujibu. Na kule kutojibu kwake ndiko kulikozidi kunitia moto. Simu zake nkaacha kupokea. Msikitini Ijumaa nikimwona mlango huu, natokea mlango mwengine.

Sasa siku yenyewe. Mechi ilikuwa jioni, lakini jua la mwezi wa tano mnalijua, halijui jioni. Mechi tatu zimebaki, tukifungwa tunashuka daraja. Nimekaa jukwaa la chini, nyuma ya benchi letu khasa. Dakika za mwisho tuko sare. Mpira wa kona ukaja, golkipa akatoka, akaugusa, ukamponyoka, goli. Sijui nilisimama vipi. Nakumbuka mkono tu. Nilivua kiatu changu cha ngozi nkakirusha kwenye benchi, na wallahi sikumlenga mtu, nilirusha kama mwendawazimu. Kikampiga sahibu yangu kifuani.

Nyinyi nyote mmekulia kwenye nchi hizi. Hapana haja ya kukwelezeni kumrushia mtu kiatu maana yake nini, hapana tusi kubwa kuliko hilo.

Sahibu yangu akakitizama kiatu, akainua macho, akaniona. Aliinama, akakiokota, akamwambia kitu askari alokuwa karibu, akageuka kutizama mpira. Askari akapanda mpaka nilipo, kiatu mkononi. Nkajua sasa nakamatwa. Akakiweka chini mbele ya mguu wangu.

"Vaa, mzee wangu, halafu utoke," akasema. "Yule bwana ameniambia nikuletee upesi, sakafu ya moto, utaungua."

Ndugu zangu, nnakwambieni, angenitukana ningelala usingizi. Nilifika garini nkakaa na kiyoyozi kimewaka mpaka watu wote wametoka, siwezi kutia gea.

Tulishuka daraja. Picha ya mie na mkono wangu juu ilizunguka simu zote, mpaka ndugu walioko Unguja wakaiona. Nkajitoa kwenye gurupu. Baadaye nkasikia sahibu yangu naye amejiuzulu. Nilikuwa nimelitaka hilo kwa mwaka mzima, nimelisema kwa sauti. Lilipokuja nikakosa hata hamu ya chakula. Nkawa sitoki. Mke wangu akitengeneza chai anaiweka karibu yangu, hasemi kitu, na namshukuru kwa kule kutosema.

Kisha alasiri moja kengele ikalia. Nkafungua mwenyewe. Golkipa amesimama mlangoni kwangu, hapa hapa Bawshar, kavaa kanzu yake nyeupe na kofia, na mkono wa kulia vidole viwili vimefungwa bandeji. Nilitaka ardhi ipasuke nizame.

"Ami, naweza kuingia?" akasema. Kiswahili chake cha kuokota kwa bibi yake, nusu Kiarabu.

Nkamkaribisha. Nkaanza kubabaika, mwanangu, lile jina, mie... Akanikatiza kwa adabu.

"Jina nshalizoea, ami. Sikuja kwa jina. Nimekuja kwa ajili ya meneja. Anakaa ndani tu. Tumekwenda wachezaji, tumekwenda na kocha, anasema amechoka. Lakini siku moja alisema, 'Anayenijua mimi kwenye mpira ni mmoja tu, na yeye ameona sifai.' Basi nikaona anayeweza kumrudisha ni wewe."

Nkamuuliza, vidole vimefanya nini?

"Vilivunjika mwanzoni mwa msimu. Golkipa wa akiba alikuwa ameondoka, hapana mwengine. Nilikuwa nacheza hivi hivi."

Msimu mzima, jamaa zangu. Mlango wa Moli alikuwa anadaka mipira na vidole viwili vimevunjika, na mie jukwaani nawafundisha watu kuimba.

Siku ya pili nkenda Ruwi. Sahibu yangu hakuhama kama sisi, yuko nyumba ile ile ya zamani. Shemegi yangu, mke wake, ndiye alofungua. Akanitizama miguuni kwanza.

"Leo viatu utavivua au utabaki navyo?" akaniuliza.

"Nitavivua, shemegi. Viweke unapotaka."

"Pita. Yumo ndani. Na usimlize, macho yake yameshachoka."

Alikuwa amekaa kwenye zulia, hakuinuka. Nkakaa mbele yake. Nilitayarisha maneno mengi njiani, yote yakapotea. Nikasema, "Nimekukosea. Nisamehe." Akasema, "Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Yale ulokuwa ukiwaambia kwenye simu. Yaseme sasa, yote. Nami niko hapa, nitajibu."

Nkajaribu. Nikasema umezeeka, na mie mwenyewe ndevu nyeupe. Nikasema husikii, nayo nkaona haya. Lile la kuiua timu halikutoka mdomoni kabisa. Nikaja kwenye makocha. Nikasema, "Makocha watatu msimu mmoja, hilo lilikuwa kosa." Akainua kichwa.

"Hapo umesema kweli," akasema. "Mmoja nilimtoa mie, nilitiwa khofu. Nilikosa." Akafikiri kidogo. "Na winga pia ulisema kweli. Harudi yule."

"Harudi!" nkasema.

"Nimemwambia mara mia!"

Basi tukaanza. Shemegi akaleta kahawa na halua, akatukuta tumepanga vikombe na tende juu ya zulia, tunaonyeshana nafasi za mabeki. Akasimama mlangoni na sinia, akasema, "Alhamdulillahi, wendawazimu wamerudi." Sahibu yangu akacheka kile kicheko chake cha kiwanja cha changarawe, nami ndipo nilipolia. Kwa hivo alolia ni mie, si yeye.

Akakubali kurudi, kwa sharti moja. Nije mazoezini kila wiki, nikae, nitizame, nisifungue mdomo mwezi mzima. Mwezi ule ulinifundisha kuliko miaka yangu yote ya jukwaani. Nilimwona yule mshambuliaji wa magoti akibaki peke yake baada ya wenzake kuondoka, anapiga mipira mpaka anainama kutapika. Nilimwona winga akipokea simu ya mama yake kila baada ya mazoezi, na mama yake mgonjwa nchi ya mbali. Bado harudi kukaba. Lakini sasa najua ni nani asiyerudi.

Nkarudi kwenye gurupu, nkatuma sauti ya mwisho. Fupi. Nikasema jina lile nimelitunga mie, lilikuwa dhulma, na atakayelitumia tena analitumia bila ya idhini ya mwenyewe. Wengine walinicheka. Wachache wakaacha kuliimba, halafu wengi wakaacha.

Nna watu wa kuwashukuru. Mke wangu, aloniambia kweli akikuna nazi nami sikusikia. Shemegi yangu, kwa kufungua mlango ambao angeweza kuufunga. Yule kijana golkipa, alokuja nyumbani kwa mtu alomdhalilisha, asijiombee kitu, amuombee mwengine. Na sahibu yangu, ambaye nimemkataza kuja leo, maana angekuwepo nisingeweza kuyasema haya.

Kama mna la kuchukua kwangu, chukueni hili. Mwenye rai aiseme, rai si haramu, na nusu ya zangu zilikuwa sawa. Lakini ipeleke pale ambapo unayemsema anaweza kukujibu, umwone uso, ule kwake. Utaona mwenyewe ipi rai na ipi uchungu wako tu wa kukaa nyumbani na kofia kichwani.

Timu bado mbovu, msidhani nimekuja kuitangaza. Daraja la pili, na hata huko tuko mkiani. Kesho baada ya alasiri tunacheza, na nionavyo mie tutafungwa. Gari yangu ina nafasi nne. Mke wangu keshachukua moja.